Mpiga Santuri wa Breda: Je, Tiësto ni Fanani?

Mwaka jana, katika semina ya fasihi simulizi, tulikuwa tumeandika ubaoni zile sifa ambazo kila mwanafunzi wa idara hii huzikariri kabla hata hajajua maktaba iko upande gani: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali, wakati. Mulokozi alizipanga katika makala yake ya "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka kwenye Mulika namba 21 mwaka 1989, na sisi tumezirithi kama shamba la babu. Basi mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Na dijei je?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nami nilicheka, tena kwa sauti. Mhadhiri hakucheka. Alisema tu kwamba anayedhani swali hilo ni la mzaha atuonyeshe, kwa vipimo vilevile vilivyoko ubaoni, kwamba dijei si fanani. Halafu akaendelea na vitendawili.

Makala haya ni jibu langu, nalo limechelewa mihula miwili. Nilianza kuliandika nikiwa upande wa waliocheka. Nilitaka kuonyesha kwamba mtu anayepiga santuri za wenzake ni mfanyabiashara wa kazi za watu, kama vile muuza vitabu asivyokuwa mwandishi. Ili nisionekane mwonevu nilichagua mkubwa wao, Mholanzi anayejulikana kwa jina la Tiësto. Maisha yake ya kazi ni marefu, yameandikwa sana, na yanamchukua mpiga santuri kutoka chumba kidogo cha mji wa kwao mpaka katikati ya uwanja wa Olimpiki. Ipo na sababu nyingine, lakini hiyo nitaisema tukifika Athens.

Jina lake la kuzaliwa ni Tijs Michiel Verwest. Alizaliwa tarehe 17 Januari 1969 huko Breda, mji wa kusini mwa Uholanzi, mbali kidogo na vishindo vya Amsterdam. Tiësto ni jina la utani wa utotoni lililopindwa likapata mlio wa kigeni. Alianza kwa kupiga muziki kwenye sherehe za shule angali kijana mdogo, kisha akapata nafasi katika klabu ya mjini kwao iitwayo The Spock. Pale ndipo alipofundishwa kazi, na aliyemfundisha ni ukumbi wenyewe: saa nyingi za usiku, wiki baada ya wiki, mbele ya watu walewale ambao hawawezi kudanganywa kwa hila ileile mara mbili.

Kwa asiyewahi kuiona kazi hii kwa karibu, hebu nieleze. Mpiga santuri wa miaka ile alikuwa na mashine mbili za santuri na katikati yake mikisa. Santuri moja inasikika ukumbini; ya pili anaisikia yeye peke yake kwa kisikilizio alichokibana sikio moja. Kila mashine ina kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo. Kazi yake ni kuuvuta mwendo wa santuri ya pili mpaka mapigo yake yalale sawasawa juu ya mapigo ya ile ya kwanza, kisha aifungulie taratibu, besi ya huku ikipanda na ya kule ikishuka, hata mchezaji asijue wimbo mmoja umekwisha saa ngapi na mwingine umeingia saa ngapi. Muziki wa transi, ambao ndio uliomjenga Tiësto, huenda kwa mapigo kama 130 hadi 140 kwa dakika. Ukikosea hata kidogo, ukumbi unasikia kama punda wawili wanaokimbia juu ya sakafu ya mbao.

Lakini ufundi wa mikono hautoshi kuwa hoja. Fundi saa naye ana mikono. Kilichonistua ni kingine: mpiga santuri wa usiku mzima hajui santuri ya kumi itakuwa ipi wakati anapofungua ya kwanza. Anakuja na sanduku lenye santuri nyingi kuliko atakazozihitaji, na anautazama ukumbi. Watu wakichoka anawashusha, wakichemka anawapandisha, wakitoka kwenda kunywa maji anajua amewakosea. Kwa lugha yetu ya darasani huo ni ufaraguzi, utungaji wa papo kwa papo mbele ya hadhira inayojibu. Albert Lord katika The Singer of Tales, kitabu cha mwaka 1960, alionyesha kwamba waimbaji wa tendi wa Yugoslavia hawakuwa wakikariri tendi zao ndefu neno kwa neno. Walikuwa na vipande walivyorithi, nao walivipanga upya kila walipoketi kuimba, kwa kadiri ya usiku na ya wasikilizaji. Sasa mtu akiniuliza tofauti iko wapi kati ya kipande cha kurithi na santuri iliyomo sandukuni, nitahitaji muda kumjibu.

Na taharuki je? Hapa ndipo transi inapokaribia sana mtambaji wa hadithi. Katikati ya wimbo ngoma zote hunyamaza. Hubaki sauti nyembamba, pengine kinanda, pengine mlio wa nyuzi usio na nyuzi zozote, unaopanda polepole. Watu husimama, mikono juu, wakingoja. Wote wanajua ngoma zitarudi, kama vile sote tunavyojua sungura atamshinda fisi. Hawajui lini. Mpiga santuri hodari huichelewesha ile ngoma hadi karibu na kuudhi, halafu huiachia. Hiyo ndiyo dakika ambayo watu hulipia kiingilio.

Lazima niseme jambo kuhusu asili, maana wapo wanaoandika habari za Tiësto kana kwamba muziki huu uliota wenyewe kwenye udongo wa Uholanzi. Haukuota huko. Hausi imetoka Chicago, kwenye kumbi kama The Warehouse iliyofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles alikuwa akichezesha Wamarekani weusi, wengi wao wakiwa mashoga waliofukuzwa kila mahali pengine. Tekno imetoka Detroit, kwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ulaya ikaupokea muziki huo katikati ya miaka ya 1980 ikauvalisha nguo zake. Fedha nyingi ziliishia kwa waliopokea. Knuckles alifariki mwaka 2014 akiwa ameheshimiwa sana, lakini hakuna aliyemjengea jukwaa katikati ya uwanja wa Olimpiki. Msomaji wa Kiafrika anayesoma habari za dijei tajiri wa Kizungu asisahau hesabu hiyo, hata kama dijei mwenyewe hakumwibia mtu.

Kwa nini Uholanzi? Mimi sioni siri kubwa. Ni nchi ndogo yenye miji iliyobanana, bandari, barabara nzuri, na serikali ambayo kwa desturi yake haikimbilii kupiga marufuku. Amsterdam ilikuwa na RoXY, klabu iliyofunguliwa mwaka 1987 katika jumba la zamani la sinema, na humo ndimo Waholanzi wengi walipoisikia hausi kwa mara ya kwanza. Kifo cha RoXY ni hadithi ya kusimuliwa: mwezi Juni 1999, siku ya mazishi ya msanii Peter Giele, mmoja wa waanzilishi wake, fataki zilizowashwa ndani ziliunguza ukumbi wote. Rotterdam nayo ilikuwa na gaba, muziki wa vijana wa bandari na viwanda, mkali, wa mapigo ya kasi kiasi cha kumtoa mtu jasho akiwa amekaa. Kampuni ya ID&T, iliyoanzishwa mwaka 1992, iligundua kwamba vijana hao wanaweza kujaza kumbi za maonyesho ya biashara, na baadaye viwanja vya mpira. Kwa hiyo Tiësto alipokomaa, nchi yake ilikwisha kuwa na hadhira iliyofunzwa, wapangaji wa matamasha na wachapaji wa santuri. Fanani hazaliwi peke yake.

Watu wa transi hupenda kusahau kwamba yeye mwenyewe alipitia gaba. Mnamo 1994 alitoa santuri za aina hiyo kwa majina ya Da Joker na DJ Limited. Nimezisikiliza mbili tatu, sitamshauri mtu. Kilicho muhimu ni majina. Mtu huyu amekuwa na majina mengi, na kila jina lilikuwa na hadhira yake na tabia yake, jambo ambalo sisi tuliozoea malenga wenye lakabu hatuna sababu ya kulishangaa.

Mwaka 1997, pamoja na Arny Bink, alianzisha Black Hole Recordings. Wale wenzangu wanaopenda kuhakiki kwa jicho la uchumi watalifurahia hili: mpiga santuri amekuwa mmiliki wa njia za uzalishaji. Sasa anachagua kazi za nani zitachapwa, anazipiga ukumbini, ukumbi ukizipenda anaziuza. Mfululizo wake wa Magik, juzuu saba kati ya 1997 na 2001, ulisambaza usiku wake katika diski. Mtu aliyekuwa hajafika Breda wala Amsterdam aliweza kumsikia Tiësto akiunganisha nyimbo kwa zaidi ya saa nzima bila kukatika. Hapo ndipo fasihi simulizi yetu inapogeuka kuwa kitabu, na matatizo ya kitabu yanaanza. Mtunzi wa kazi hiyo ni nani? Kwenye jalada kuna jina la Tiësto kwa herufi kubwa. Waliotunga nyimbo zenyewe wamo ndani, kwa herufi za kusomwa na mwenye macho mazuri.

Hoja yangu ya kwanza, ile ya muuza vitabu, ilikuwa imesimama juu ya jambo hili. Ilianguka nilipofika kwenye rimiksi, na aliyeiangusha si Mholanzi bali Sayyid Abdalla bin Nasir.

Nieleze. Mwaka 1997 kundi la Kanada liitwalo Delerium lilitoa wimbo "Silence", ulioimbwa na Sarah McLachlan. Ni wimbo wa polepole, mzito, wenye dalili za kanisani. Tiësto akauchukua, akaihifadhi sauti ya mwimbaji, akaijengea chini yake nyumba nyingine kabisa: ngoma, besi, na ile kimya ya katikati niliyoieleza. Mwaka 2000 wimbo huo, katika sura zake mpya na hasa hii ya kwake, ulifika nafasi ya 3 katika chati ya Uingereza. Nilipoulizwa kama huo si wizi nilikuwa tayari kusema ni wizi. Lakini jioni ileile nilikuwa najiandaa kwa somo la ushairi wa zamani, na mada ilikuwa takhmisa. Mshairi wa takhmisa huchukua beti za mwenzake zenye mishororo miwili, akazitungia mitatu ya kwake ya kutangulia, mitano ikawa ubeti mmoja. Ya mwenzake haiguswi. Maana yake, lakini, inageuka, kwa sababu sasa inafikiwa kwa njia nyingine. Takhmisa ya Liyongo ndivyo ilivyojengwa, na inahusishwa na huyohuyo Sayyid Abdalla tunayemheshimu kwa Al-Inkishafi. Hakuna mhadhiri aliyewahi kutuambia kwamba Sayyid Abdalla ni mwizi wa Liyongo. Tunaambiwa ni bingwa. Basi jamani, tuwe na mizani moja.

Kazi iliyonishughulisha zaidi ni Adagio for Strings. Samuel Barber, Mmarekani, aliitunga mwaka 1936 kama sehemu ya polepole ya muziki wa vinanda vinne vya nyuzi. Kisha yeye mwenyewe akaipanua kwa okestra, na Toscanini akaiongoza redioni Novemba 1938. Mwaka 1967 Barber huyohuyo akaigeuza tena, safari hii ikawa wimbo wa kwaya wenye maneno ya misa ya Kilatini. Kwa hiyo mtunzi mwenyewe hakuiona kazi yake kama jiwe. Marekani ikaifanya muziki wa msiba. Ilihusishwa na kifo cha Roosevelt mwaka 1945 na cha Kennedy mwaka 1963. Mwaka 1999 Mwingereza William Orbit akaipigia kwa mashine, na Ferry Corsten wa Rotterdam, ambaye mwaka huohuo alishirikiana na Tiësto katika Gouryella, akaifanyia rimiksi ya kuchezwa. Miaka mitano baadaye Tiësto akatoa yake katika albamu ya Just Be, nayo ndiyo vijana wengi wa leo wanaijua bila kujua jina la Barber.

Nimeisikiliza ya Barber na ya Tiësto usiku mmoja, moja baada ya nyingine, nikiwa na hedifoni za kuazima. Ya Barber inapanda kwa hatua ndogondogo mpaka juu kabisa, inanyamaza, halafu inashuka bila kupata ilichokuwa inakitafuta. Kile kinyamazo ndicho kiini chake. Tiësto amekikuta kinyamazo kimekwisha kuwapo, tayari, mahali ambapo transi ingekiweka, akaweka ngoma baada yake. Ni werevu mkubwa wa msomaji. Lakini pia ni hasara, na nitasema wazi: kwa Barber hakuna kitu upande wa pili wa kimya kile, na ndiyo maana watu wanakipiga mazikoni. Kwa Tiësto upande wa pili kuna dansi. Mtu anaweza kusema amewafariji wafiwa. Mwingine aseme hakuwasikia. Mimi bado nahamahama. Ila naona kwamba tunabishana kuhusu tafsiri, na hatubishani hivyo na muuza vitabu.

Turudi kwenye mkondo wa maisha yake. Wasomaji wa jarida la DJ Mag walimchagua kuwa wa kwanza duniani mwaka 2002, 2003 na 2004, mfululizo. Tarehe 10 Mei 2003 alifanya jambo ambalo wapiga santuri walikuwa hawajazoea: alijaza uwanja wa mpira wa GelreDome, mjini Arnhem, watu wapatao 25,000, kwa ajili yake peke yake, usiku kucha. Mwaka uliofuata akarudi kwa siku mbili. Mwaka huohuo wa 2003 "Traffic", kipande chake kisicho na neno hata moja, kilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Uholanzi.

Ukitazama picha za GelreDome utaona jambo ambalo wanadansi wa zamani wanalilalamikia. Katika klabu za mwanzo mpiga santuri alikuwa pembeni, wakati mwingine hata haonekani, na wachezaji walitazamana wenyewe kwa wenyewe. Pale Arnhem watu 25,000 wote wamemwelekea yeye. Amepandishwa juu, ana mwanga nyuma yake, ananyoosha mikono. Duara limekuwa safu. Waliosoma kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, cha 1976, wanakumbuka mjadala wa jukwaa la kigeni lililowatenga watendaji na watazamaji waliokuwa kitu kimoja uwanjani. Nilikuwa nadhani mjadala huo unatuhusu sisi tuliotawaliwa peke yetu. Kumbe hata Waholanzi, na muziki wao wa juzijuzi, wamefanyiana wao kwa wao.

Sasa Athens. Tarehe 13 Agosti 2004, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki, Tiësto alipiga muziki wakati wanamichezo wa dunia wakiingia uwanjani. Haijawahi kutokea kabla ya hapo mpiga santuri kupewa kazi hiyo katika Olimpiki. Alipiga kwa zaidi ya saa moja. Aliambiwa na wakubwa wa michezo asitumie maneno, kwa kuwa maneno yanaweza kueleweka vibaya na mataifa. Wenzangu wa idara ya lugha, lione hilo: katika mkusanyiko mkubwa kuliko yote duniani, kitu kilichoogopwa ni neno.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kunyonya. Nimeitazama baadaye, kwenye video, pamoja na kaka yangu aliyekuwa akiikumbuka. Na hii ndiyo ile sababu nyingine. Nchi ziliingia kwa mpangilio wa alfabeti ya Kigiriki, zaidi ya nchi 200. Kenya ilipita, ikiwa na watu ambao siku chache baadaye wangenyakua medali zote tatu za mbio za kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi mbele yao. Oman ilipita, na Uganda, ambazo kwa Kigiriki zinaanza na herufi moja na Uholanzi. Tanzania ilipita. Watu wetu walitembea nyuma ya bendera yetu juu ya mapigo ya kijana wa Breda, na mapigo hayo, ukitaka kuyafuatilia, yanarudi hadi Chicago, na kutoka Chicago yanarudi mahali tunapopajua. Kaka yangu alisema kwa mzaha kwamba bendera yetu ilikuwa inakwenda na biti. Sikucheka kama nilivyocheka darasani.

Lakini tulipomaliza kutazama ndipo nilipoanza kuwa na mashaka upya. Hadhira ya usiku ule ilikuwa nani? Waliokaa vitini walikuwa wakitazama bendera. Waliokuwa majumbani, mamilioni kwa mamilioni, hawakuweza kumjibu chochote. Wanamichezo walikuwa wanapita. Mpita njia si hadhira. Muziki wenyewe ulikuwa umeandaliwa mahususi kwa shughuli ile, na sehemu yake ikatolewa kama albamu, Parade of the Athletes. Kwa vipimo vya ubaoni, usiku mkubwa kuliko zote katika maisha yake ndio usiku aliokuwa fanani kwa kiasi kidogo kabisa. Alikuwa na fani, tukio, mahali na wakati. Ufaraguzi ulikuwa umebanwa, na wa kumjibu hakuwapo.

Isipokuwa kwa dakika chache. Timu ya Uholanzi ilipofika mbele ya jukwaa lake, wanamichezo walisimama wakaanza kucheza. Maandamano yakakwama. Ikabidi wasimamizi waje kuwasogeza ili nchi nyingine zipite. Nimerudia kipande hicho mara nyingi kuliko inavyomfaa mwanafunzi mwenye mitihani. Katika saa nzima ya maandamano ya dunia, hadhira ilijitokeza pale tu, ikamjibu mtu wake, na mara moja ikaondolewa kwa sababu ya ratiba.

Mwaka huohuo Malkia wa Uholanzi alimtunuku nishani ya Orange-Nassau, daraja la ofisa. Dola ilikwisha kumtambua. Msomi wa miaka ya nyuma angeandika hapa aya ndefu kuhusu tabaka tawala na wasanii. Mimi nitasema tu kwamba nishani ni nishani.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 2007 albamu ya Elements of Life, na kipindi chake cha redio, Club Life. Mwaka 2009 albamu ya Kaleidoscope, yenye waimbaji wa roki na pop, na lebo mpya ya Musical Freedom. Na hapo ndipo alipoiacha transi. Mashabiki wakalia. Walimwita msaliti, wakasema amenunuliwa na Marekani. Mwaka 2013 alijifunga kupiga mara kwa mara katika klabu ya Hakkasan, Las Vegas, mji wa kamari, na wenye kulia wakaona wamepata ushahidi. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Grammy, na ajabu ni kwamba hakuipata kwa albamu yake yoyote. Aliipata kwa rimiksi ya wimbo wa John Legend, "All of Me". Takhmisa tena! Mwaka 2020 alitoa "The Business", wimbo mfupi wa redio uliopendwa sana, na mwaka huohuo, kwa jina la VER:WEST, yaani ukoo wake uliokatwa katikati, akatoa muziki mpole zaidi kwa wale wenye kumbukumbu.

Je, alisaliti? Neno hilo tunalijua. Miaka ya 1970 sisi wa Kiswahili tuligombana hadi kurushiana maneno makali kuhusu vina na mizani, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wapo waliosema si ushairi. Leo tunakisoma kitabu hicho na mbingu hazijaanguka. Kubadili bahari peke yake si usaliti. Ninachomlalamikia Tiësto mimi ni kitu ambacho wanatransi hawakitaji sana: muda. Matamasha makubwa ya siku hizi humpa kila mpiga santuri saa moja, au saa moja na nusu, na baada yake kuna mwingine anangoja. Mwenye saa moja hapigi asichokuwa na hakika nacho. Hana nafasi ya kuwachosha watu ili awaamshe, wala ya kukosea. Anapiga nyimbo zake zinazojulikana, kwa mpangilio unaoeleweka, kwa sababu taa na moto na picha za nyuma zimepangwa kuzifuata. Mtambaji aliyepewa dakika tano kwenye sherehe ya taifa anatamba hadithi, ndiyo, lakini bibi yangu asingemwita aje kututambia usiku wa mvua.

Kwa hiyo nikijibu swali la semina, nasema hivi. Tiësto wa Breda, wa saa nyingi mbele ya watu aliowajua, alikuwa fanani kwa kila kipimo tulichoandika. Tiësto wa Athens alikuwa mtunzi wa sherehe. Tiësto wa Las Vegas sijui nimwite nani, maana nakiri sijawahi kuingia Las Vegas na kiingilio chake ni karo yangu ya muhula. Mtu ni yuleyule, na vifaa, ukiacha kompyuta zilizochukua nafasi ya sanduku, ni vilevile. Kwa hiyo ufanani si cheo anachobaki nacho mtu kama shahada. Unategemea usiku wenyewe, na kama kuna anayejibu.

Najua pingamizi litakalonijia, kwa sababu limekwisha kunijia. Mwenzetu yule aliyeuliza swali pale nyuma ameisoma rasimu hii, na amenigeuka. Anasema fasihi ni sanaa ya lugha, kwamba mtu aliyekubali kupiga saa nzima bila neno amejitoa mwenyewe kwenye somo letu, na kwamba nimetumia kurasa hizi zote kumthibitisha mpiga ngoma, ambaye ana idara yake ng'ambo ya barabara. Nimemjibu kwamba mimi sikudai transi ni fasihi. Nilidai kwamba katika vipimo sita vilivyokuwa ubaoni, neno "lugha" halikuwamo, na hakuna kati yetu aliyeligundua hilo mpaka alipotaja dijei. Amesema hilo ni kosa la ubao. Nimemwambia aliandike, na mhariri amemwachia kurasa nne katika toleo lijalo.